Tromboni ya vali si ile yenye kitufe cha kidole gumba

Beni ya arusi ikipita tu Mkunguni, hapo mbele ya ngome ya Lamu, hakosekani mtu wa kurusha video na kuandika chini yake "tromboni ya vali". Ukitazama, unaona tromboni ya kuvuta, ile ambayo mkono husogeza mrija mbele na nyuma ili kubadili sauti, ila nyuma ya bega la mpigaji pana neli ya ziada na kitufe. Wengine wameanza kuwaambia vijana kwamba wanajazi fulani wa Marekani walipiga hiyo hiyo. Sivyo.

Tromboni ya vali ni tromboni isiyovutwa. Neli yake ina urefu ule ule, kama mita 2.7, na kipulizio ni kile kile, ila mkono wa kulia hausukumi wala hauvuti. Vidole vitatu hubonyeza pistoni tatu, ndizo vali zenyewe, kama kwenye tarumbeta: ya pili hushusha sauti nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Maana yake ni hiyo tu.

Sasa tuje kwenye kitufe. Kile hubonyezwa na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kikibonyezwa, hewa huzungushwa kwenye neli nyingine ya karibu mita moja, na chombo kizima hushuka toni mbili na nusu. Ni ubunifu wa Sattler, fundi wa Leipzig, mwaka 1839, na shabaha yake ilikuwa kumfikisha mpigaji kwenye sauti nzito bila kuunyoosha mkono hadi bega limuume. Mkono wa kulia bado unavuta kama kawaida. Vali ipo, kweli, lakini moja, nayo ni msaidizi. Tofauti hii haihitaji masikio ya mwanamuziki: mtazame mpigaji mkono wa kulia. Mkono huo ukienda mbele na nyuma, tromboni ni ya kuvuta, hata iwe na vitufe viwili.

Vali zenyewe zilisajiliwa Berlin mwaka 1818 na Stölzel na Blühmel, na haikuchukua miaka mingi zikatiwa kwenye tromboni. Bendi za kijeshi zilizipenda (aliyepanda farasi hana pa kunyooshea mkono), na okestra nyingi za Italia za karne ya 19 zilizitumia. Kwa hiyo si kioja kilichozuliwa na wanajazi.

Na hapa ndipo penye kosa la pili, ambalo huniudhi zaidi: kuiita hii ya vali tromboni ya wavivu. Ni kweli kuna kinachopotea. Mrija wa kuvuta hupita katikati ya noti, ndiyo maana unaweza kuiburura sauti kutoka chini hadi juu bila kuikata. Unaweza pia kusimama kwenye robo toni za maqamu za Kiarabu kama rasti au bayati, pale udi na fidla vinapostarehe. Vali haziwezi hayo. Hata sauti ikitoka nje ya mstari, mwenye mrija huirekebisha kwa kusogeza mkono kidogo tu, lakini mwenye vali akibonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja, sauti hupanda kuliko inavyotakiwa, naye hana budi kuivuta chini kwa midomo.

Lakini sikiliza upande wa pili. Mpiga tromboni ya kuvuta akitaka noti zifuatane laini, inambidi aziguseguse kwa ulimi, la sivyo zinaburuzana zenyewe. Wa vali anaziunganisha kwa vidole, kila moja ikisikika safi. Juan Tizol, mpiga tromboni ya vali mzaliwa wa Puerto Rico aliyeingia bendi ya jazi ya Duke Ellington huko Marekani mwaka 1929, hakuwa mtu wa kubuni papo hapo jukwaani. Alisoma noti, akazipiga zilivyo. Ellington alijua kumtumia, mara nyingine akimpa mstari pamoja na saksafoni, kwa sababu wepesi wake ulikwenda nazo sambamba. Wimbo wa Caravan wa mwaka 1936 chanzo chake ni Tizol, na mtu wa pwani aliyezoea taarabu akiusikia hutambua haraka harufu ya hijazi, maqamu nyingine ya Kiarabu. Hijazi inakubali kupigwa kwa nusu toni zisizohama, nao ule muziki unashuka nusu toni baada ya nusu toni. Vidole vitatu vinatosha kabisa.

Bob Brookmeyer wa Kansas City, mwanajazi mwingine wa tromboni ya vali, alikwenda njia nyingine. Alikuwa akibonyeza pistoni nusu, hewa isipite sawasawa, sauti ikatoka imebanwa na kukwaruza, kama mzee anayesimulia kisa huku ana tambuu mdomoni. Neli ya vali ina kona nyingi, na sauti yake huwa nzito kidogo, haing'ai sana. Wengi waliiona hiyo kuwa kasoro. Yeye aliichukua ikawa ndiyo sauti yake, akazungumza nayo.

Anayesema ni chombo cha walioshindwa kuvuta, namwomba kwa heshima atafute rekodi za Paris za 1954, Brookmeyer akiwa na mpiga saksafoni Gerry Mulligan katika kundi lisilo na piano, ambamo kila noti iko wazi na hakuna pa kujificha. Kisha aniambie ni noti zipi zingependeza zaidi kwa mrija. Zipo, sikatai, ila hazijazi kiganja.