Bibi na "nanihii": jina linapokwama ulimini

"We Asha! Halima! Mwanaidi… aa, we mtoto, njoo hapa!" Bibi ameshaita binti zake wawili na mjukuu aliyeko Tanga kabla hajamfikia aliyesimama mbele yake. Nyumba nzima inacheka. Siku mbili baadaye, kliniki, mwanawe ananiuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, ndiyo akili inaondoka?"

Mara nyingi jibu ni hapana.

Neno lina pande mbili kichwani: maana yake na sauti zake. Umri unapokwenda, maana hubaki imara. Msamiati wa mtu wa miaka sabini mara nyingi humzidi mjukuu wake. Kinacholegea ni kamba inayotoka kwenye maana kwenda kwenye sauti. Mwaka 1991, Deborah Burke na wenzake nchini Marekani waliwapa vijana na wazee madaftari, waandike kila neno lilipowakwama. Wazee walikwama zaidi, hasa kwenye majina ya watu. Neno "subira" lina ndugu wengi: kungoja, kuvumilia, hata ile heri inayovutwa. Lakini Subira jirani yako ameshikwa na jina lake kwa uzi mmoja tu. Ukilegea huo, huna pengine pa kupitia.

Kiswahili kinatuonyesha jambo hili waziwazi. Bibi akisema, "Nipe kile nanihii cha kuchujia tui," sikiliza hiyo "kile". Jina limepotea, ngeli ipo! Waitaliano wamepimwa kwa namna hii: mtu aliyekwamiwa na neno mara nyingi aliweza kutaja jinsia ya kisarufi ya neno hilo, yaani kama ni la kike au la kiume. Na kifumbu chenyewe, siku hizi za machujio ya plastiki, kinatajwa mara ngapi? Neno lisilotamkwa hulegea upesi, hata kwa kijana.

Kuna na udhibiti wa akili, yaani uwezo wa kunyamazisha kisichotakiwa. Andika "nyekundu" kwa wino wa kijani, kisha mwombe mtu ataje rangi ya wino. Kipimo hiki cha tangu mwaka 1935 humchelewesha kila mtu, na wazee zaidi, kwa kuwa neno lililosomwa linang'ang'ania kutoka kwanza. Asha na Halima walimtoka Bibi mdomoni kwa njia hiyohiyo: majina ya kundi moja, yote yakigombea mlango. (Mama wa watoto wanne hufanya hivyo akiwa na miaka thelathini, wala hapelekwi kliniki.)

Basi zima redio anapozungumza. Mpe muda, neno likiachwa, mara nyingi hujileta lenyewe wakati wa chai. Ukitaka kumsaidia, mwanzo wa neno huweza kulivuta, ila kwa Kiswahili nadhani "ki…" haimsaidii kitu, kwa sababu hiyo anayo tayari. Mpe "kifu…". Na tafadhali, msimkaripie wala kumfanyia mtihani mbele ya wageni. Akiona aibu ataacha kuzungumza, na maneno yasiyozungumzwa nimeshasema yanakwendaje.

Wasiwasi wangu huanza pale anaposhika kifumbu asijue ni cha nini. Au anapopotea njia aliyoipita miaka ishirini, anaporudia swali lilelile ndani ya nusu saa, anaposhindwa kuhesabu chenji aliyokuwa akiihesabu bila kutazama. Hapo mleteni, msiseme "ni uzee tu". Na maneno yakimpotea ghafla, au mdomo ukaenda upande, au mkono ukalegea, hicho huenda ni kiharusi: hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Si kila anayekuja ana ugonjwa wa kusahau. Wengine hawasikii vizuri, wengine wana huzuni ya kufiwa, upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, na mengi ya hayo yanatibika. Kwa hiyo mkija, njooni na dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za mafua na za usingizi zilizonunuliwa dukani bila cheti. Baadhi yake huutia ubongo wa mzee ukungu, na mimi huanza kwa kuumwaga mfuko huo mezani.