Je wajua? Kwanini aliyekula unga anasinzia wima, na aliyevuta bangi anatafuta chipsi

Ukikaa kituoni Magomeni asubuhi utamwona. Kijana kala unga, yaani heroini, kasimama, kichwa kinashuka taratibu, kiuno kinakunjika mpaka vidole vinakaribia kugusa lami, unasema huyu sasa anaanguka, haanguki, anashtuka anarudi juu halafu anaanza kushuka tena. Pembeni kuna wenzake wamevuta bangi, macho mekundu, wanacheka hovyo na wana njaa ya chipsi mayai saa tatu asubuhi. Mtaani wote tunawaita wala madawa, basi. Ila kichwani kwao yanatokea mambo mawili tofauti kabisa.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba ubongo wako una vipokezi vya unga hata kama hujawahi kuuona. Mwaka 1973 watafiti walithibitisha kwamba kwenye ubongo kuna sehemu, ndo hivyo vipokezi, ambazo mofini (dawa kali ya maumivu inayotokana na utomvu wa ua la mpopi) inajishika, na heroini ikishaingia mwilini inageuka mofini. Sasa binadamu kapewa kipokezi cha utomvu wa ua ili iweje? Jibu likaja 1975 kutoka Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz wakakuta mwili unatengeneza vituliza maumivu vyake wenyewe na vinakaa kwenye vipokezi hivyo hivyo. Ndo maana mtu anapata ajali ya bodaboda, damu inamtoka, anasimama anaulizia simu yake iko wapi, maumivu anakuja kuyasikia baadae.

Unga kazi yake ni kutuliza. Unatuliza seli zinazopeleka taarifa za maumivu, unazituliza pia zile zinazoizuia dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, isimwagike, kwahiyo inamwagika na mtu anasikia raha. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya pini. Choo kinafunga, maana tumboni nako vipokezi vipo (loperamaidi, kile kidonge cha kuzuia kuharisha cha duka la dawa, ni ndugu yake mofini, ila kwa kipimo cha kawaida hakifiki ubongoni). Hatari yenyewe iko kwenye shina la ubongo panapoendeshwa pumzi. Kawaida hewa chafu ikijaa kwenye damu shina linashtuka linakulazimisha uvute, unga ukizidi halishtuki. Mtu anakoroma vibaya, midomo inabadilika rangi, na watu wanasema muacheni alale. Jamani msimuache! Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, ipo dawa inaitwa naloksoni inauondoa unga kwenye vipokezi ndani ya dakika chache. Na wengi yanawakuta baada ya kuacha kwa muda halafu wakarudia kipimo kile kile cha zamani, mwili ulishakisahau.

Bangi ina vipokezi vyake. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga THC, kemikali ya bangi inayolevya, mwaka 1964 kule Israeli, kipokezi kikajulikana 1988, na 1992 kikapatikana kitu cha mwili wenyewe kinachokaa hapo, wakakiita anandamaidi kutoka neno la Kisanskriti la furaha. Hiki kinasafiri kinyumenyume. Fikiria daladala imejaa, konda anagonga bodi, dereva anapunguza, yaani seli inayopokea ujumbe ndo inairudishia inayotuma taarifa kwamba punguza. Kinatoka kidogo, pale panapohitajika tu. THC inakuja inagonga bodi kila mahali bila mpango, kwenye kumbukumbu, mwendo, njaa, hisia ya muda, ndo maana mtu anasahau sentensi katikati na moyo unamwenda mbio. Kwenye pumzi vipokezi hivyo ni vichache, kwahiyo bangi peke yake ni nadra kukata pumzi, ila kwa vijana wadogo inaweza kuamsha ugonjwa wa akili na kuna wanaoshindwa kuiacha.

Arosto sasa, yale mateso ya kukosa unga. Nilimkuta binamu yangu mwezi wa pili, joto la Dar mnalijua, kajifunika blanketi zito, malaika ya mikono yamesimama, makamasi na machozi yanamtoka, anapiga miayo, tumbo linaendesha. Ndugu wakasema anajifanya. Hajifanyi! Unga ukituliza ubongo kila siku, ubongo nao unaongeza nguvu upande wa pili ili mtu aendelee kuishi, siku unga ukikosekana ile nguvu inabaki haina wa kuizuia. Kila kilichokuwa kimetulizwa kinaamka kwa pamoja.

Hospitali ya Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu wenye uraibu wa unga, mwaka 2011. Nayo inakaa kwenye vipokezi vile vile, ila inaingia polepole na inadumu siku nzima, kwahiyo hakuna ile kupanda na kushuka. Binamu anaamka alfajiri, anakunywa kikombe chake kidogo mbele ya nesi, saa mbili yuko gereji anafungua boliti na mikono haitetemeki.