Mdomo wa Portafilta: Anza na Kikombe

Kabla hujanunua mdomo mpya wa portafilta (kile kishikio cha mashine ya espresso; mdomo ndio bomba la chini yake linalomimina kahawa), weka mezani kikombe unachonywea kila siku. Kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, ni kile cha kahawa tungu, kidogo, kisicho na mkono, kinachoshikwa kwa ncha za vidole. Nilipoleta nyumbani mashine ya wenzo, ile inayosukuma maji kwa mkono wa kuvuta, mdomo wake pacha ulikuwa na matundu mawili yaliyoachana kuliko upana wa kikombe hicho. Kahawa nusu iliingia, nusu ikagonga ukingo na kuchuruzika kwenye trei. Tangu hapo, anayenijia na mashine yake namwambia aje na kikombe chake pia.

Pima upana wa kikombe kwa ndani, kisha umbali kati ya matundu ya mdomo, kisha kimo kutoka mdomo hadi kwenye trei. Kahawa ikianguka kutoka juu sana inarusha matone, krema (povu la juu) inavunjika na kikombe kinapoa.

Wengi huamini mdomo mmoja ni wa kahawa moja na pacha ni wa mbili. Kiasi cha kahawa huamuliwa na kikapu, kile kichujio cha chuma kinachobeba unga wa kahawa ndani ya portafilta. Mdomo kazi yake ni kugawa mkondo tu, kwa hiyo kikapu kikubwa kinafanya kazi vizuri na mdomo mmoja. Kama mnakunywa wawili, pacha ina maana. Kama ni wewe peke yako alfajiri, yanini kuugawa mkondo kisha uukusanye tena?

Halafu kuna joto, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Chukua mdomo wa shaba wa gramu 80, uliolala mezani kwa nyuzi 30, upitishe gramu 30 za kahawa yenye nyuzi 90. Vikiachwa vigawane joto hadi vilingane, kahawa inashuka karibu nyuzi 12. Kweli, kahawa hupita haraka na haikai kiasi hicho, lakini utaonja tofauti. Ifunge portafilta kwenye mashine tangu unapoiwasha, na ukichagua mdomo, chagua mwepesi na mfupi.

Mimi napendelea mdomo ulio wazi kwa juu kama mfereji. Ule uliofungwa unaficha mafuta ya kahawa, na kwa joto letu mafuta huchacha upesi. Ingiza kijiti cha pamba ndani yake uone kinavyotoka: cheusi, kinanata, kinanuka uchachu. Portafilta isiyo na mdomo kabisa inaondoa tatizo hilo, na inakuonyesha chini ya kikapu maji yalikopenya vibaya. Ni mwalimu mzuri. Ila kahawa ikisagwa au kushindiliwa vibaya hurusha michirizi, na anayevuta wenzo yuko karibu mno.

Sasa hesi, ile mikato ya kuzungushia mdomo uingie kwenye portafilta. Portafilta nyingi za kikapu cha milimita 58 zina hesi ya 3/8 BSP, kipimo cha Kiingereza cha mabomba: mikato 19 kwa inchi, kipenyo cha nje milimita 16.66. Usidhani yako ni hiyo, hasa ukiwa na mashine ndogo. Mashine za wenzo za La Pavoni Europiccola za zamani, kabla ya takriban mwaka 2000, hutumia kikapu cha milimita 49, na zilizofuata 51, hivyo hata portafilta hazibadilishani. Niliwahi kuuziwa mdomo wenye hesi ya metriki, milimita 16. Tofauti ile jicho halioni. Uliingia ukichezacheza, nikaukaza kwa spana nikidhani utashika, nikala mikato miwili ya portafilta nzuri. Fundi wa kerezo kule Shimanzi aliigeuza mkononi, akaniambia, “Mwanangu, hesi haitaki nguvu.” Sasa naanza kwa vidole. Mdomo usipozunguka mizunguko mitatu kwa ulaini, natoa na kupima upya.

Mdomo ukikazwa na kusimama upande, usitie tupa kwenye hesi. Weka wosha nyembamba, au zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Inahimili hadi nyuzi 260 hivi, na kahawa haifiki 100. Gundi ya hesi usiitie karibu na kinywaji. Na kama pacha inajaza kikombe kimoja kuliko kingine, weka pima maji juu ya mashine kwanza. Mara nyingi meza ndiyo imelala upande.

Kuufupisha mdomo, mimi hukata wa chuma cha pua pekee. Shaba ya njano aghalabu hutiwa risasi ili ikerezeke kwa urahisi, na sipendi kuikwangua kromu mahali kahawa inapopita. Mdomo naufunga kwenye jiliwa, nikiwa nimeuviringishia kipande cha tyubu ya baiskeli usichubuke, nikate polepole kwa msumeno wa chuma, kisha msasa. Ukichongesha mpya, omba chuma cha pua cha 316. Kinastahimili chumvi ya hewa yetu kuliko 304.

Ukisha kukata, ondoa vinyweleo vya chuma lakini usiuviringe ukingo. Ukingo wa mviringo huivuta kahawa irudi chini ya mdomo na kudondoka ovyo. Ukingo mkali huikata. Utazame mdomo wa dele, birika letu la kahawa, ulivyochongoka kama wa ndege. Wangu nilirudia msasa mara tatu, nikijaribu kwa maji ya moto kila mara, mpaka tone la mwisho likaanguka moja kwa moja kikombeni.