Je, wajua kwa nini mtoto hujifunza kujieleza anapocheza na mwenzake asiyemwona?

Mtoto yuko Kirumba, Mwanza, binamu yake yuko Nansio, Ukerewe, na Ziwa Victoria liko katikati yao. Wanajenga nyumba moja ndani ya Minecraft, mchezo wa mtandaoni wa kujenga vitu, kila mmoja kwa simu ya mzazi wake. “Weka hapo!” anasema wa Kirumba. “Hapo wapi?” “Hapo ninapoonyesha!” Kidole chake kiko kwenye kioo cha simu, na binamu hakioni.

Somo linaanzia kwenye kukwama huko. Watoto wakicheza kombolela au rede uwanjani, kuna mengi ya kuwasaidia kuelewana: kidole, macho, hata kumvuta mwenzako shati. Mtandaoni hayo yote yanaondoka, yanabaki maneno matupu. Ili binamu aelewe, mtoto hana budi kusema “weka jiwe kushoto kwa mlango, juu ya lile uliloweka mwanzo.” Na ili aseme hivyo, kwanza lazima ajiulize mwenzake anaona nini muda huo. Kujiuliza huko ndiko kugumu, na wapo watu wazima wengi ambao bado hakujawaingia.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Krauss na Sam Glucksberg, walilipima jambo hili miaka ya 1960, kabla ya michezo ya mtandaoni. Waliwaketisha watoto wawili wawili, katikati wakaweka kizuizi wasionane. Kila mtoto alikuwa na vipande vyenye michoro ya ajabu isiyo na jina, na mmoja alipaswa kumwelekeza mwenzake achukue kipi ili wapange kwa mfuatano uleule. Watoto wa chekechea walitaja vitu walivyovielewa wao peke yao, kama “kofia ya mama”. Kofia ipi? Mwenzake angejuaje? Walipopewa nafasi ya kurudia mara nyingi, wadogo hao hawakubadilika sana, lakini wenzao wa darasa la tano walipunguza makosa kadiri walivyorudia. Kwa hiyo usimlaumu mtoto wa miaka mitano akimfokea mwenzake “hapo, hapo!” Anayekaribia kumaliza shule ya msingi, huyo mpe mazoezi, maana yanamfaa kwelikweli.

Lakini si kila mchezo wa kundi unafundisha ushirikiano, na hapa ndipo wazazi wengi tunapodanganyika. Kuwa wengi ndani ya mchezo si kushirikiana. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu hutoka usiku wa giza, taa zikiwavuta dagaa, na wavu ule hauvutwi na mtu mmoja: akilegea mmoja, wote wanakosa. Mchezo unaofaa umejengwa hivyo hivyo. Uko mmoja uliotoka mwaka 2015, Keep Talking and Nobody Explodes, ambamo mchezaji mmoja anaona bomu lakini hajui namna ya kulitegua, na wenzake wana kitabu cha maelekezo lakini bomu hawalioni. Muda unakwenda. Asiyeeleza vizuri na asiyesikiliza wanashindwa pamoja. Maelekezo yake yanahitaji msomaji mzuri, kwa hiyo mtu mzima akae karibu.

Ile ya kupigana risasi, kila mtu na roho yake, mimi siihesabu katika kundi hili, hata kama mtoto ana vipokea sauti masikioni na anaongea muda wote.

Bando nalo lisiwe kikwazo. Minecraft ya simu, na Among Us pia, zinaweza kuchezwa na watoto walio kwenye waifai moja bila kujiunga na watu wa mbali. Nyumba ya Igoma au Nyegezi yenye simu mbili tatu inatosha. Hilo linapunguza pia hatari ya wageni. Wakicheza na walio mbali, wawe ndugu na marafiki mnaowafahamu, mazungumzo na watu wasiojulikana yafungwe kwenye mipangilio, na mtoto ajue kwamba mtu akimwomba picha au siri, anakuja kukwambia siku hiyohiyo. Ipo pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure.

Mchezo ukiisha, usiulize nani ameshinda. Uliza ni wapi hawakuelewana, na nani alisema neno lililowakwamua. Waache wabishane kidogo. Mtoto anayesikia mwenzake akisema “mimi sikukuelewa uliposema kule nyuma” anapata sahihisho ambalo mzazi hawezi kumpa, kwa sababu limetoka kwa yule aliyekuwa akimhitaji.

Na kama nyumbani kuna kiswaswadu tu, mchezo bado upo. Mtoto wa Mwanza achore mtumbwi, mti na nyumba kwenye karatasi, ampigie binamu wa Ukerewe na kumwelekeza achore vilevile kwa maneno tu: mtumbwi uelekee wapi, mti uwe mkubwa kiasi gani, nyumba iwe upande gani wa mti. Anayechora aruhusiwe kuuliza swali lolote. Wakikutana likizo walinganishe karatasi, na safari inayofuata aliyekuwa akichora ndiye aelekeze.