Uamsho wa Marekani ya kikoloni na swali la "mimi nimeteuliwa au la?"

Watu wakija idarani kwetu kuuliza habari za uamsho wanakuja na picha yao tayari kichwani, maspika, kwaya, mhubiri anavuja jasho leso mkononi. Sasa Jonathan Edwards, mmoja wa wahubiri walioliza watu vibaya sana enzi zile Marekani bado ni makoloni ya Mwingereza, hakuwa hivyo kabisa. Sauti ya kawaida, hana makeke, na mahubiri yake alizoea kuyasoma kwenye karatasi.

Tarehe 8 Julai 1741 alisimama kwenye kanisa la Enfield, mji ambao leo uko jimbo la Connecticut, akachukua Kumbukumbu la Torati 32:35, pale pa miguu kuteleza, akawaambia watu wananing'inia kama buibui juu ya moto na kinachowazuia wasidondoke ni Mungu tu kuamua asiwaachie bado. Mchungaji Stephen Williams alikuwepo na aliandika kwenye shajara yake kwamba vilio vilijaa kanisa zima, watu wanauliza wafanye nini waokoke, mpaka mhubiri ikabidi akatishe.

Wengi wanasema ah, aliwatisha na jehanamu basi. Hapana, jehanamu walikuwa wanaisikia tangu watoto. Hawa ni wajukuu wa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali kutoka Uingereza waliofuata mafundisho ya mwanamatengenezo John Calvin, na kwa mafundisho hayo Mungu kashachagua nani ataokolewa kabla hata dunia haijaumbwa, matendo yako mema hayanunui kitu, kwenda kanisani kila Jumapili siyo risiti. Sasa utajuaje kama umo? Mababu zao walikuwa wanadai mtu atoe ushuhuda wa jinsi neema ilivyomgusa ndo awe mshirika kamili, kizazi kilichofuata kikawa hakina ushuhuda wa kutoa, kwa hiyo 1662 viongozi wa makanisa wakakubali watoto wa watu hao wabatizwe japo wazazi wenyewe meza ya Bwana hawaigusi. Solomon Stoddard, babu yake Edwards kwa upande wa mama na mchungaji wa Northampton, Massachusetts, kabla ya Edwards kumrithi, akaenda mbali zaidi, akafungulia meza kila mwenye mwenendo mzuri. Kwa hiyo kulikuwa na watu kibao wenye heshima zao kanisani ambao moyoni hawana uhakika wa chochote, na hapo ndo Edwards alipowashika.

Swali hilo linaweza kumpeleka mtu pabaya pia. Kwenye uamsho wa Northampton wa 1734 hadi 1735 Edwards alihesabu zaidi ya watu 300 waliookoka, halafu Juni 1735 Joseph Hawley, mume wa mama yake mdogo, aliyekuwa amezama kwenye huzuni kuhusu roho yake, akajiua, na moto ule ukapoa.

George Whitefield, mhubiri msafiri kutoka Uingereza, ndo mwenye staili mnayoifikiria, anahubiri viwanjani, sauti kama tarumbeta. Benjamin Franklin, ambaye mambo ya kuokoka hayakumwingia, alipima kwa hatua umbali sauti ile ilipofika Philadelphia akakadiria watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia, na siku nyingine akajikuta kamwaga hela zote za mfukoni kwenye mchango wa yatima wa Georgia. Ila aliyechokoza nyuki hasa ni Gilbert Tennent, mchungaji wa Kipresbiteri, 1740 aliligeuza swali likawaangukia wachungaji wenyewe: je, huyo anayekuhubiria kaokoka? Makanisa yakapasuka, Nuru ya Kale (waliopinga uamsho) huku, Nuru Mpya (waliouunga mkono) kule.

(Na tusifiche, Edwards huyuhuyu mwaka 1731 alimnunua binti wa miaka 14 aitwaye Venus huko Newport kwa pauni 80, na Whitefield alipigania utumwa uruhusiwe Georgia.)

Mwisho swali hilo la nani kaokoka kweli likamrudia Edwards. Alipoanza kudai kwamba meza ya Bwana ni ya wenye ushuhuda tu, yaani anabomoa alichojenga babu yake, waumini walewale aliowaliza wakapiga kura 1750 aondoke, kati ya wanaume takriban 230 ni 23 tu waliomtetea. Kichekesho ni kwamba mchungaji mwingine hakupatikana haraka, ikabidi miezi kadhaa waendelee kumwita huyohuyo waliyemfukuza aje awahubirie Jumapili, na alikuwa anakuja.