Je, wajua? Kuacha kunywa maji hunyausha misuli badala ya kuichora

Kwa nini mwanamume wa kwenye picha ana misuli iliyochoreka na mishipa nje nje, ilhali kioo chako cha asubuhi hakionyeshi kitu cha namna hiyo hata baada ya miaka ya kunyanyua vyuma? Jibu linalozunguka jimu ni kwamba aliacha maji siku mbili tatu, maji ya chini ya ngozi yakakauka, ngozi ikagandamana na misuli. Watunisha misuli wenyewe wameliamini kwa muda mrefu. Ni kinyume.

Msuli ni maji kwa takriban asilimia 75. Theluthi mbili hivi ya maji ya mwili imo ndani ya seli, theluthi moja nje. Fikiria matenki mawili yaliyounganishwa kwa bomba chini: ukifungua koki ya lile dogo, hata kubwa litashuka. Damu ikipungukiwa maji, chumvi yake hukolea, na chumvi hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli mpaka pande zote zilingane. Mwili haujui kuchagua maji ya chini ya ngozi peke yake.

Kinachojaza msuli ni glikojeni, yaani wanga wa akiba. Misuli ya mtu mzima hubeba gramu 400 hivi, na kila gramu hushika gramu 3 hivi za maji. Kwa hiyo anayekula wanga mwingi siku za mwisho kabla ya mashindano au picha huku amekata maji na chumvi anajihujumu: maji ya kushikwa hayapo, na hata glukosi, sukari itokanayo na wanga, huvuka ukuta wa utumbo ikisindikizwa na sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Tafiti zilizopima jambo hili kwa watunisha misuli ni chache, na washiriki wake wachache, basi anayekutajia gramu kamili za kula anabahatisha.

Picha yenyewe hutengenezwa dakika za mwisho. Mazoezi mepesi ya marudio mengi hubana vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, huku ateri, mishipa inayoitoa moyoni, zikiendelea kuleta damu. Majimaji huvujia kwenye msuli, nao hutuna kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo pampu, na aliyekaukiwa huipata kwa shida. Kisha taa ya juu au ya ubavuni hutia kivuli kwenye kila mfereji kati ya misuli. Taa ya mbele ingeufuta. Mafuta kidogo chini ya ngozi ndiyo sharti lisilokwepeka, nayo hupungua kwa wiki na miezi.

Wanaotumia dawa za kukojoza huongeza hatari nyingine: huvuruga kiwango cha potasiamu, madini ambayo moyo huyategemea katika mapigo yake. Mohamed Benaziza, mtunisha misuli mashuhuri, alifariki Oktoba 1992 baada ya mashindano Uholanzi, na kukaukiwa maji kulitajwa kuwa chanzo. Misuli ya mshindani ikikakamaa, kizunguzungu kikamshika na moyo ukaanza kuruka mapigo, mtu huyo apelekwe hospitali hata kama zamu yake jukwaani haijafika.