Utainywa lini? Umri wa wiski, bia na vya kokteli

Nikiwa nyuma ya kaunta, swali ninaloulizwa kuliko yote ni "ipi nzuri?" Nami hurudisha swali: utainywa lini, na ukishaifungua itakaa kwa muda gani? Wengine hudhani nawakwepa, lakini siwakwepi. Anayejua muda unakifanya nini kinywaji huchagua vizuri hata kama hajui jina la kiwanda hata kimoja. Wiski ikishatiwa chupani imeacha kukua. Bia huanza kuchakaa siku ileile inapofungwa kizibo. Na ndimu iliyokamuliwa asubuhi haifai kuaminiwa usiku.

Nianze na wiski, maana ndiyo yenye namba kubwa kwenye lebo, na namba hiyo inapotosha wengi. Miaka 12 iliyoandikwa kwenye chupa ya wiski ya Uskoti ni umri wa ile changa kuliko zote zilizomo. Mchanganyaji anaweza kutia pipa zima la miaka 30, ila akiongeza kijiko kimoja cha miaka 12, lebo itasema 12. Sheria yao inataka wiski ikae angalau miaka 3 ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, hukohuko Uskoti, na itoke ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Miaka inayohesabiwa ni ya pipani tu. Chupa ya miaka 12 iliyofichwa kabatini kwa miaka 20 bado ni ya miaka 12, hata mwenye nayo ajisifu vipi.

Sasa, je, miaka mingi ndiyo utamu mwingi? Hapana. Pipa linaipa wiski rangi, harufu ya vanila, ukakasi kidogo na utamu wa mbao. Likiachwa lizidi, linaimeza. Nimeonja wiski za miaka mingi ambazo hazikuwa na lolote ila mbao, kama mtu aliyetafuna kijiti cha penseli. Hali ya hewa nayo ina neno lake. Uskoti ni baridi, na kiasi kinachopotea hewani kutoka pipani hukadiriwa kuwa takriban asilimia 2 kwa mwaka. Katika nchi za joto kama India na Taiwani upotevu huo ni mkubwa zaidi na mbao hufanya kazi haraka, kwa hiyo wiski ya miaka 5 ya huko inaweza kuwa nzito na yenye rangi kuliko ya miaka 12 ya Uskoti. Kulinganisha namba hizo mbili ni kazi bure.

Kwa hiyo mimi, kabla ya miaka, huuliza habari za pipa. Bourbon, wiski ya Marekani, lazima itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, na ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani. Kipya, maana yake pipa lile halirudiwi kwa bourbon nyingine. Ndiyo sababu mapipa hayo huvuka bahari kwa wingi kwenda kulaza wiski ya Uskoti na Ayalandi. Pipa jipya lina nguvu, ndipo bourbon ikawa na utamu wa vanila na karameli ikiwa bado changa. Pipa lililokwisha kutumika ni pole, nalo huiacha ladha ya shayiri isikike. Likiwa lilibeba mvinyo wa sheri, utapata zabibu kavu na viungo. Hayo matatu yanakueleza ladha kuliko namba yoyote.

Rangi usiifuate. Sheria ya Uskoti inaruhusu kutia karameli ya kurekebisha rangi, ili chupa zote za kiwanda zifanane. Bourbon iliyoandikwa "straight" kwenye lebo hairuhusiwi kutiwa rangi, kwa hiyo hapo weusi unaouona ni wa mbao kweli.

Jambo moja dogo kwenye lebo ninalolipenda ni asilimia 46 na kuendelea, hasa pakiandikwa kwamba haikuchujwa kwa baridi. Wiski ya chini ya hapo hufanya ukungu ikipoa au ikitiwa maji, na viwanda vingi huipoza na kuichuja ili wanunuzi wasiogope. Kinachobaki kwenye kichujio ni sehemu ya mafuta yanayoipa wiski uzito mdomoni. Tofauti si kubwa kama wapenzi wa wiski wanavyoapa, lakini ipo.

Na moshi? Wiski zenye moshi hutokana na shayiri iliyokaushwa kwa moto wa mboji, ule udongo mweusi wa mabwawa. Watu hushindana kwa namba za fenoli, yaani kemikali za moshi, lakini kwa kawaida namba hiyo hupimwa kwenye kimea kabla hakijapikwa. Katika kukeneka na kulala pipani nyingi hupotea. Wiski mbili zenye namba sawa huweza kukufukizia tofauti kabisa.

Namna ya kuonja: glasi iliyobanwa mdomoni, mmiminiko mdogo, pua karibu na ukingo huku midomo ikiwa wazi kidogo ili kilevi kisikuchome. Halafu matone ya maji. Kuna wanaoona maji ni matusi kwa wiski. Wawaachie wanaotaka kuijua. Mwaka 2017 watafiti Björn Karlsson na Ran Friedman wa Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guayakoli, kemikali yenye harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji kikiwa kimepunguzwa nguvu, na huzama ndani kilevi kinapokuwa kingi sana. Yaani tone la maji huileta harufu puani. Barafu nayo hufanya kinyume, kwa sababu baridi huibana harufu. Itumie ukitaka kupoa, usiitumie ukitaka kujua.

Chupa iliyofunguliwa isimamishe wima, maana kilevi kikali hula kizibo cha gome. Ikibaki chini ya theluthi, hewa iliyo ndani huanza kuipooza taratibu. Sioni sababu ya kuitunza kwa ajili ya mgeni ambaye hata hajaalikwa.

Bia ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo fedha nyingi humwagwa bila kujua. Unapochukua chupa, soma tarehe kwanza. Harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu ya maganda ya machungwa au majani, hufifia wiki kwa wiki, na joto huharakisha. IPA, bia yenye hopsi nyingi, iliyokaa miezi 6 kwenye rafu yenye joto hubaki na uchungu tu, na nyuma yake harufu ya karatasi iliyolowa. Hiyo ndiyo alama ya bia iliyoliwa na hewa. Laga nyepesi nayo haina pa kuficha kasoro. Zinazostahimili kukaa ni zile nzito, stauti (bia nyeusi) za asilimia 10 na zaidi kwa mfano, pamoja na chache zenye hamira hai chupani.

Baada ya tarehe, tazama chupa yenyewe. Mwanga ukipenya hugongana na viini vya uchungu wa hopsi na kutoa kemikali ya salfa inayonuka kama mnyama aliyekasirika. Haichukui siku, juani dakika chache zinatosha. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, cha kijani kidogo tu, cheupe hakizuii kitu. Viwanda vingine vyenye chupa nyeupe hutumia dondoo ya hopsi iliyobadilishwa ili isidhurike, kwa hiyo usiwahukumu wote. Lakini nikipewa nichague kati ya kopo na chupa ya kijani iliyopangwa dirishani, nachukua kopo bila kufikiri. Dhana kwamba kopo ni la bia duni imepitwa na wakati.

Glasi iliyogandishwa kwenye friza achana nayo, isipokuwa bia yenyewe huna hamu ya kuisikia. Glasi iwe safi, isiwe na mafuta wala sabuni, la sivyo povu litakufa kabla hujaketi.

Kokteli, mwisho, hukutanisha vitu vya umri tofauti katika glasi moja. Maelezo maarufu ya mwanzo yaliyochapishwa Marekani mwaka 1806 yalitaja vitu vinne: pombe kali, sukari, maji na bita, yaani matone machungu ya mimea iliyolowekwa kwenye kilevi. Pombe kali na bita hazina haraka; bita kama Angostura hukaa miaka. Shira ya sukari na maji sawa kwa sawa iweke kwenye friji na uimalize ndani ya wiki mbili tatu. Ukizidisha sukari mara mbili ya maji itadumu zaidi. Ndimu kamua unapoihitaji. Ile ya chupa ina uchachu bila harufu, na kokteli ya ramu, ndimu na sukari haina mahali pengine pa kupata uhai.

Maji ndiyo kiungo kinachosahaulika. Kukoroga na barafu huongeza maji yanayofikia takriban robo ya kinywaji kilichokamilika, na kutikisa huongeza zaidi. Ndiyo maana kwa kokteli natafuta wiski yenye nguvu. Bourbon au rai (wiski ya nafaka iitwayo rai) iliyoandikwa "Bottled in Bond", chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1897, lazima iwe imelala angalau miaka 4 na iwe na asilimia 50 kamili, na mara nyingi si ya bei kubwa. Wiski adimu ya moshi usiitie shira, labda matone machache juu kwa harufu. Penye juisi, tikisa. Penye pombe tupu, koroga. Barafu iwe kubwa na kavu. Vipande vidogo vinavyotiririka maji vitakumalizia kinywaji kabla hujakimimina.

Kisha kuna vemuthi, ambayo nyumba nyingi huitesa. Ni mvinyo uliotiwa mimea na kuongezwa kilevi, mara nyingi asilimia 15 hadi 18 tu, na ukifunguliwa huharibika kama mvinyo mwingine, ila polepole. Huikuta imesimama kwenye kabati la joto kando ya wiski, imefunguliwa tangu sikukuu iliyopita, na mwenyewe ananiambia hapendi Negroni, kokteli inayotiwa vemuthi. Mahali pake ni kwenye friji, na imalizwe ndani ya mwezi au miwili. Kama hunywi kwa kasi hiyo, nunua chupa ya mililita 375.